Mshika Mbili wa Cork

Tarehe 2 Septemba 1990 Teddy McCarthy aliingia uwanja wa Croke Park, Dublin, akiwa na gongo la halingi mkononi. Siku hiyo Cork, kaunti yake, iliishinda Galway kwa magoli 5 na pointi 15 dhidi ya magoli 2 na pointi 21. Goli moja huhesabiwa pointi 3, kwa hiyo jumla ilikuwa 30 kwa 27. Siku 14 baadaye alirudi pale pale, na jezi ile ile nyekundu, sasa mikono mitupu, kucheza kandanda ya Kigaeli. Meath wakalala kwa pointi 11 kwa 9, na nyavu hazikutikisika hata mara moja. Fainali mbili za Ayalandi nzima, michezo miwili, mwezi mmoja. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kuzicheza na kuzishinda zote mbili katika mwaka mmoja. McCarthy alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 57, na rekodi hiyo bado haijapata mrithi.

Waswahili tuna neno letu kwa mtu wa namna hii, na si neno la kumsifu: mshika mbili, moja humponyoka. Fisi naye tunaambiwa njia mbili zilimshinda. Naiheshimu hekima hiyo, lakini kila nikisoma habari za McCarthy najikuta nauliza methali inahesabu nini inaposema mbili. Gongo na mpira ni vitu viwili, hilo halina ubishi. Cork je, ni ngapi?

Kwanza michezo yenyewe, kwa asiyeijua. Halingi huchezwa kwa gongo lenye ncha bapa na kimpira kigumu kinachoenea kiganjani. Mchezaji hukipiga kikiwa hewani, hukikimbiza kikiwa kimetulia juu ya ubapa wa gongo, hukidaka kwa mkono mtupu katikati ya magongo yanayopepea. Usiufananishe na mpira wa magongo wa Nairobi, ambao gongo lake hutembea zaidi chini chini. Kandanda ya Kigaeli hutumia mpira mkubwa wa duara, mikono na miguu kwa pamoja. Mwenye mpira hawezi kukimbia hatua nyingi bila kuudundisha chini au kuugusisha kwenye kidole cha mguu na kuurudisha mkononi. Mmoja hudai kifundo cha mkono kilicho chepesi na jicho lisilopepesa, mwingine hudai mapafu na kifua. Lakini uwanja ni mmoja, milingoti ni ile ile yenye umbo la H, kila upande una watu 15, na hadi 2024 hesabu ya magoli na pointi ilikuwa moja. Tena mwenye nyumba ni mmoja: Chama cha Michezo ya Kigaeli, kilichoundwa Thurles tarehe 1 Novemba 1884, Ayalandi ikiwa bado chini ya Uingereza, ili watu wacheze michezo yao wenyewe.

Chama hicho kilijengwa juu ya parokia. Mtu hucheza alikozaliwa au anakoishi, na akiwa hodari huitwa kuichezea kaunti. Halipwi mshahara. Hadi leo, katika uwanja unaobeba watu zaidi ya 82,000, wanaoshangiliwa ni walimu, wakulima, mafundi umeme na wanafunzi ambao Jumatatu wanarudi kazini.

Aliyewatangulia wote katika hadithi hii ni Jack Lynch, aliyezaliwa Cork mwaka 1917. Alitwaa taji la Ayalandi miaka sita mfululizo: halingi 1941, 1942, 1943 na 1944, kandanda 1945, kisha halingi tena 1946. Klabu zake zilikuwa mbili, Glen Rovers kwa gongo na St Nicholas kwa mpira, lakini zote ni za mtaa mmoja wa Blackpool, upande wa kaskazini wa jiji la Cork, na zilijaa watu wale wale. Kubadilisha klabu kulikuwa kama kutoka sebuleni kwenda jikoni. Husimuliwa kwamba siku ya fainali ya 1945 Lynch alikuwa kwenye foleni ya basi Dublin, muda unakwenda, mabasi yanapita yamejaa, hadi akaruka foleni na kumweleza kondakta kwamba anatakiwa uwanjani kucheza. Baadaye alikuwa waziri mkuu wa nchi, mara mbili. Nikikifikiria kisa hicho, namwona mtu ambaye jioni ile alirudi na medali kwa majirani ambao wangemjua hata kama angeikosa.

Mlinganishe na Denis Compton, aliyezaliwa London mwaka 1918, karibu umri wa Lynch. Majira ya joto Compton alicheza kriketi ya Middlesex na ya timu ya taifa ya Uingereza. Majira ya baridi alikuwa winga wa Arsenal. Mwaka 1947 alipata mbio 3,816 na senchuri 18 katika msimu mmoja wa kriketi. Na Arsenal alitwaa ubingwa wa ligi 1948 na Kombe la FA 1950, fainali ambayo kaka yake Leslie, naye mtu wa michezo yote miwili, alikuwa uwanjani pamoja naye. Uingereza ikampenda kwa dhati. Watu walikuwa wametoka vitani, mkate ulikuwa wa mgao, na kijana huyu alipiga mpira kana kwamba hakuna kinachokatazwa. Sura yake ilibandikwa ukutani kutangaza mafuta ya nywele ya Brylcreem, na kwa wengi hilo ndilo tangazo wanalomkumbukia.

Ila tazama jinsi uwili wake ulivyokaa. Michezo yake ilikaa katika nusu mbili za mwaka na haikugombana sana kwenye kalenda. Iligombana ndani ya goti lake. Aliliumiza kwenye soka mwaka 1938, likamsumbua miaka yote ya kriketi, na mwishowe madaktari wakaitoa pia ya goti. Waajiri wake walikuwa wawili, kila mmoja akilipia nusu yake, na goti halikuwa na mwenyewe. Middlesex haikuwa na sababu ya kuililia Arsenal, wala Arsenal kuililia Middlesex. Cork ilipomkosa mchezaji, aliumia jirani yule yule aliyekuja kumshangilia kwenye michezo yote miwili.

Bo Jackson wa Alabama alikwenda mbali zaidi, na alilipa zaidi. Mwaka 1985 alishinda tuzo ya Heisman kama mchezaji bora wa kandanda ya Kimarekani vyuoni. Mwaka 1986 Tampa Bay, timu ya kulipwa ya mchezo huo, walimchagua wa kwanza kabisa nchini. Akawakatalia, akaenda kucheza besiboli na Kansas City Royals, na mwaka uliofuata akaanza pia kuichezea Raiders ya Los Angeles msimu wa besiboli ukiisha. Aliita kandanda burudani yake ya wakati wa mapumziko, na kauli hiyo iliwachoma mashabiki wa Kansas City. Mwaka 1989 alikuwa mchezaji bora wa mechi ya nyota wa besiboli, na Nike ikamfanya sura ya viatu duniani kote. Tarehe 13 Januari 1991, katika mechi ya mtoano dhidi ya Cincinnati, alivutwa mguu kutoka nyuma, nyonga ikatoka mahali pake na mfupa wake ukaanza kufa. Mwezi Machi, Royals wakamwachia.

Siwalaumu Royals, mkataba ni mkataba, na walioandika ule walijua wanachonunua. Lakini hapo ndipo tofauti ya mapokeo haya inaponikaa moyoni. Kwa Jackson, mchezo mmoja ulikuwa hatari kwa mwajiri wa mchezo mwingine. Kila mbio alizokimbia Jumapili kwa Raiders zilipunguza thamani ya mali iliyohesabiwa kwenye vitabu vya watu wengine. Alirudi mwaka 1993 na Chicago White Sox akiwa na nyonga ya bandia, na pigo lake la kwanza kabisa lilivuka uzio wa uwanja. Alikuwa amemwahidi mama yake pigo hilo, na mama alikwisha kufariki. Kwa hiyo hata kwenye biashara kubwa kama ile, mtu bado hutafuta mmoja wa kumchezea, zaidi ya wale wanaomlipa.

Ayalandi nayo isipambwe kupita kiasi. Umoja ule ulikuwa na ukuta. Kanuni ya chama ilimkataza mwanachama kucheza au hata kutazama michezo iliyoitwa ya kigeni, soka na raga zikiwamo, na mwaka 1938 Rais wa nchi, Douglas Hyde, mtu aliyeitumikia lugha ya Kiairishi maisha yake yote, alivuliwa ulezi wa chama kwa sababu alihudhuria mechi ya soka. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1971. Lynch aliruhusiwa kushika mbili kwa sharti kwamba zote zitoke katika nyumba moja. Na aliyegharimia mapenzi hayo yasiyo na mshahara ni mchezaji mwenyewe na familia yake.

Hata hivyo nyumba hiyo ilikuwa na mlango. Seán Óg Ó hAilpín alizaliwa Rotuma, kisiwa cha Fiji, mama yake akiwa mwenyeji wa huko na baba akiwa mtu wa Fermanagh. Alikulia Sydney, akafika Cork mwaka 1988 akiwa bado mtoto. Alisoma North Monastery, shule ya mabruda aliyosoma Jack Lynch, na huko ndiko alikofundishwa gongo. Wasomaji wa Kenya wanawajua mabruda wa aina hiyo: Colm O'Connell aliondoka Ayalandi mwaka 1976 kwenda kufundisha jiografia St Patrick's, Iten, bila ujuzi wa riadha, na mikononi mwake akapita mkimbiaji David Rudisha. Ni mapokeo yale yale ya mwalimu anayemaliza kipindi cha darasani na kuteremka uwanjani bila kudai malipo.

Mwaka 1999 Ó hAilpín alicheza fainali zote mbili kama McCarthy. Ya gongo Cork walishinda dhidi ya Kilkenny, ya mpira wakafungwa na Meath. Moja ilimponyoka, naam. Mwaka 2005 alikuwa nahodha wa halingi, akapokea kombe Croke Park na kutoa hotuba nzima kwa Kiairishi, lugha ambayo wengi waliozaliwa pale pale hawawezi kuhutubia kwayo. Ndiyo maana nasema Cork haikuwa damu. Ilikuwa kitu ambacho mtu hukipata kwa kukichezea.

Kwa wanaume, enzi hiyo imefifia. Zamani fainali za Septemba zilipishana kwa wiki mbili. Tangu 2022 msimu wote wa kaunti umebanwa uishe Julai, michuano miwili ikikimbia sambamba na kila kocha akitaka jioni zote za mchezaji wake. Aidan Walsh, bingwa wa kandanda na Cork mwaka 2010, alijaribu yote mawili 2014, kisha akachagua gongo. Kwangu hii ni hasara kubwa kuliko ile ya mishahara iliyozoeleka kulaumiwa. Hakuna aliyelipwa hata senti, na bado mtu mmoja ameanza kudaiwa na makocha wawili kama Jackson alivyodaiwa na waajiri wawili.

Walioushika uwili kwa nguvu zaidi ni wanawake, na inaniuma kwamba majina yao hayatajwi kwa pumzi moja na la McCarthy. Rena Buckley wa Cork ana medali 18 za Ayalandi: 11 za kandanda na 7 za kamogi, yaani halingi ya wanawake. Alikuwa nahodha wa taji la kandanda 2012 na la kamogi 2017, mtu wa kwanza kuiinulia Cork makombe yote mawili kama nahodha. Fainali ile ya 2017 Cork waliishinda Kilkenny pointi 10 kwa 9, pointi ya ushindi ikipatikana dakika za nyongeza.

Naye hakuwa na nyumba moja. Kamogi ina chama chake tangu 1904, kandanda ya wanawake ina chake tangu 1974, na vyote viwili viko kando ya kile cha wanaume. Kila kimoja hupanga ratiba yake, na zaidi ya mara moja wachezaji wa Cork wamejikuta na mechi mbili siku moja, katika viwanja viwili, wakikimbilia gari na matope miguuni. Mary McAleese, aliyekuwa Rais wa Ayalandi, ameongoza kamati ya kuviunganisha vyama hivyo vitatu, na mwaka uliotajwa ni 2027. Ikifika siku hiyo, nitaanza kusoma katiba mpya kwenye ukurasa wa ratiba, nione kama Jumapili ya kamogi na Jumapili ya kandanda zimepewa kila moja nafasi yake.