Harufu ya kuungua ya hita

Harufu ya kuungua ya hita ni harufu inayosikika ndani ya nyumba wakati mtambo wa kupasha joto unapowashwa kwa mara ya kwanza baada ya miezi ya joto. Hutokea hasa katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama vile Marekani, Kanada na nchi nyingi za Ulaya, kati ya Septemba na Novemba. Mara nyingi husababishwa na vumbi na huisha yenyewe. Hata hivyo, harufu za aina nyingine zinaweza kuwa dalili ya hitilafu ya umeme, uvujaji wa gesi au mwanzo wa moto.

## Mitambo ya kupasha joto

Katika Amerika ya Kaskazini nyumba nyingi hutumia tanuri, ambayo kwa kawaida huwekwa katika chumba cha chini ya nyumba au katika kijichumba chake. Tanuri huunguza gesi asilia au mafuta. Nyingine hutumia umeme. Katika tanuri ya gesi, moto hupasha kuta za chuma zinazoitwa kibadilisha joto. Feni husukuma hewa ipite upande wa nje wa kuta hizo, kisha hewa hiyo yenye joto husambazwa vyumbani kwa mifereji. Moshi hutoka nje kwa njia yake, yaani dohani au bomba. Kwa hiyo moshi na hewa ya vyumbani havitakiwi kukutana.

Nyumba nyingine huwa na hita za umeme zilizofungwa chini ya kuta, au hita ndogo za kuhamishika. Pia kuna mitambo inayozungusha maji ya moto ndani ya mabomba na rejeta.

## Chanzo cha kawaida

Wakati wa kiangazi vumbi hutua juu ya kibadilisha joto, koili za umeme na ndani ya mifereji. Vumbi la nyumbani huwa na nyuzi za nguo, nywele, manyoya ya wanyama na chembe za ngozi. Sehemu hizo zikipata joto, vumbi huungua na kutoa harufu inayofanana na ya nywele au kitambaa kilichoungua.

Harufu hiyo kwa kawaida huisha baada ya dakika chache hadi saa chache. Ikiendelea zaidi, au ikifuatana na moshi, mtambo huzimwa na kukaguliwa na fundi. Hita mpya pia inaweza kunuka mara ya kwanza kwa sababu mafuta yaliyopakwa kiwandani huungua.

## Harufu nyingine na maana zake

* Plastiki au mpira unaoungua: waya, plagi au mota ya feni imepata joto kupita kiasi. Plastiki za vifaa vya umeme zikipata joto hivyo wakati mwingine hunuka kama samaki. Mtambo huzimwa mara moja.
* Mayai viza: uvujaji wa gesi. Gesi asilia yenyewe haina harufu. Huchanganywa kwa makusudi na kemikali za salfa ili uvujaji utambuliwe.
* Uvundo: unyevu au kuvu katika mifereji au kwenye chujio la hewa.
* Mafuta: katika tanuri ya mafuta, mafuta yamevuja au hayaungui vizuri.

Sheria za kutia gesi harufu zilienea baada ya mlipuko wa shule ya New London, Texas, tarehe 18 Machi 1937. Gesi isiyo na harufu ilikuwa imejaa chini ya jengo bila mtu kuitambua, na wanafunzi na walimu karibu 300 walikufa.

Mtu akisikia harufu ya mayai viza hapaswi kuwasha wala kuzima taa, kuwasha kiberiti au kupiga simu akiwa ndani, kwa kuwa cheche ndogo inaweza kulipua gesi. Watu wote hutoka kwanza, ndipo msaada huitwa wakiwa nje. Nchini Marekani na Kanada namba ya dharura ni 911.

## Hatari isiyo na harufu

Kukosekana kwa harufu hakumaanishi usalama. Monoksidi ya kaboni (CO) ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotokea pale gesi, mafuta, kuni au mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha. Inaweza kuingia vyumbani ikiwa kibadilisha joto kimepasuka au dohani imeziba, kwa mfano kwa viota vya ndege. Ndani ya damu hujishika na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Nchini Marekani zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka kwa sumu hiyo bila kukusudia, mbali na vifo vya moto.

Gesi hiyohiyo huua katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, hasa miezi ya Juni hadi Agosti, pale familia zinapoingiza jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili kujikinga na baridi. Mkaa uliokolea hautoi moshi mwingi, lakini unaendelea kutoa monoksidi ya kaboni.

## Kinga

Tanuri hukaguliwa na fundi kila mwaka kabla ya baridi kuanza. Chujio la hewa hubadilishwa kila baada ya mwezi 1 hadi 3 kulingana na aina yake. Hita za ukutani husafishwa vumbi zikiwa zimezimwa na kupoa. Ving'ora vya moshi na vya monoksidi ya kaboni huwekwa katika kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala.

Hita ndogo ya umeme huwekwa umbali wa mita 1 hivi kutoka kitanda, mapazia na nguo. Huchomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kwa sababu nyingi hutumia wati 1,500 na zinaweza kuunguza waya wa ekstensheni. Tarehe 9 Januari 2022 hitilafu ya hita ya aina hiyo ilisababisha moto katika jengo la ghorofa huko Bronx, New York. Watu 17 walikufa, wengi wao wakiwa wa familia za wahamiaji kutoka Gambia. Mlango wa nyumba ulikotokea moto haukujifunga, na moshi ukasambaa katika jengo lote.

## Tazama pia

* Gesi asilia
* Monoksidi ya kaboni
* Jiko la mkaa