Fonda (mgahawa)

Fonda ni mgahawa mdogo wa Meksiko, aghalabu wa familia moja, unaouza chakula cha mchana kwa bei nafuu mitaani na ndani ya masoko. Mlo wake mkuu, comida corrida, huanza na supu, ukafuata wali au tambi, kisha kitoweo cha siku hiyo, pamoja na maharagwe, salsa ya pilipili na maji ya matunda.

Fonda nzuri hujulikana kwa tortilla, yaani chapati zake za mahindi. Punje kavu huchemshwa katika maji ya chokaa, hulazwa humo usiku kucha, huoshwa, kisha husagwa zikiwa na unyevu. Chokaa hulainisha maganda, hufanya donge lishikane, na huuwezesha mwili kupata niasini iliyofungika ndani ya mahindi. Donge hutandazwa na kuokwa bila mafuta juu ya comal, kikaango bapa, mpaka lifure. Ikiliwa hapohapo, tortilla hiyo huishinda kwa mbali ya kiwandani.

Mwaka 2010 UNESCO iliyaorodhesha mapishi ya jadi ya Meksiko kuwa urithi wa utamaduni usioshikika.