Kuku Mgeni na Tundu la Pili

Wahenga walisema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi walimu twaifundisha methali hii kila mwaka, na kila mwaka twaieleza kwa upande wa binadamu tu: mgeni hutambulikana kwa ugeni wake. Ni nadra kuuliza habari za kamba yenyewe. Hali jibu lajulikana na kila mtoto aliyelelewa kijijini: kuku mpya asipofungwa hutoroka akarudi alikotoka. Hufungwa siku kadhaa hata apazoee, ndipo afunguliwe. Basi ndani ya methali mna desturi ya ufugaji, nayo ni kumtenga mgeni kwa muda.

Kuku mwenyewe ni mgeni katika Afrika. Asili yake ni kuku-mwitu wa Asia ya Kusini-Mashariki. Mifupa ya kale iliyochimbuliwa Ban Non Wat, nchini Thailand, ambayo wataalamu walitoa habari zake mwaka 2022, ni ya kati ya miaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Katika pwani ya Afrika Mashariki mifupa ya kuku imeonekana tangu karne ya 7 na ya 8. Huku bara Waganda humwita enkoko, Warundi na Wanyarwanda inkoko, majina ambayo hayahitaji mkalimani.

Kamba ilitosha maadamu hatari ilikuwa ya kupotea. Karne ya 20 ilileta nyingine. Mwaka 1926 maradhi yasiyojulikana yaliteketeza kuku kisiwani Java, na mwaka huo huo yakazuka karibu na Newcastle upon Tyne, Uingereza. T. M. Doyle aliyaeleza mwaka 1927, nayo yakapewa jina la mji huo. Mwaka 1935 yalionekana karibu na Mombasa. Waswahili huyaita mdondo, na wengine kideri.

Hapo kamba ilishindwa. Kuku aliyefungwa chini ya mwembe hudonoa punje zile zile na kunywa katika kigae kile kile wanywacho wenyeji, na virusi vya mdondo hutoka kwa kinyesi na kwa makamasi. Lililo baya zaidi, dalili hukawia. Aghalabu huonekana siku ya 5 au ya 6, lakini huweza kuchukua hata siku 15, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani katika kanuni zake huhesabu siku 21. Mnunuzi hununua kuku mzima wa macho. Tena mwenye nyumba iliyoingiwa na mdondo huwahi sokoni kuuza wasalia kabla hawajafa wote. Twamwonea huruma, kwa kuwa kuku hao pengine ndio ada ya shule. Lakini tenga lake ndilo lipelekalo msiba kitongoji cha pili, nako pia kuna watoto wa shule.

Dawa ya hatari ya namna hii binadamu waliijua zamani kwa ajili ya nafsi zao. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru watokao penye tauni wakae kando siku 30. Baadaye zikawa 40, na kutokana na neno la Kitaliano la arubaini tumepata karantini.

Karantini ya kuku ni tundu la pili. Si lazima liwe la fahari: fito, udongo na paa lisilovuja vyatosha, mradi liwe mbali na banda kubwa, na liwe na chombo chake cha maji na ufagio wake. Wenyeji hulishwa kwanza, mgeni baadaye, kisha mikono ioshwe. Anayefuata taratibu kinyume cha hii amejenga bure. Mgeni achanjwe akiwa humo. Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, huvumilia joto kuliko zile za zamani. Hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu au minne. Humponyi kwayo kuku aliyekwisha kuugua.

Tundu hilo hutatua pia jambo la adabu. Mkwe akikuletea jogoo huwezi kumrudisha, wala huwezi kumhoji mkweo kuhusu afya ya banda lake. Utampokea kwa mikono miwili, utashukuru, kisha utamweka peke yake majuma matatu, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Taabu yake ni moja, nayo twaiona katika nyua nyingi: watu hawapendi kitu kikae kitupu. Mvua ikinyesha huwekwa kuni humo. Vifaranga wakizidi, humo. Na siku mgeni afikapo nafasi hakuna, akaingizwa bandani pamoja na wengine usiku ule ule. Anayetaka pa kuatamishia na ajenge la tatu. Hilo la pili, mgeni akishatoka, hufagiliwa, huoshwa, huachwa wazi jua liingie, na mlango wake hufungwa bila kitu ndani.