Malaika wa Kupakwa Rangi

Nilipokuwa darasa la tatu tuliandaa igizo la Krismasi. Nilitaka kuwa malaika. Mwalimu alinitazama, akanipa fimbo ya mchungaji. Mabawa walipewa wasichana wawili wa rangi ya maji ya kunde. Sikulia. Nilichunga kondoo wangu mpaka igizo likaisha.

Mwaka huu, nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu filamu za muziki za Meksiko, fimbo ile imenirudia. Filamu iliyoirudisha ni Angelitos negros, yaani "Malaika Wadogo Weusi", iliyoongozwa na Joselito Rodríguez mwaka 1948. Pedro Infante, kipenzi cha taifa zima, anaigiza mwimbaji anayemwoa Ana Luisa, mwanamke mwenye nywele za dhahabu na dharau kwa watu weusi. Wanapata binti, Belén, naye ni mweusi. Ana Luisa anamkataa mtoto na kumtupia lawama mumewe. Hajui kwamba Mercé, yaya mweusi aliyemlea, ndiye mama yake mzazi.

Baba anamwimbia bintiye. Wimbo huo unatokana na shairi la Andrés Eloy Blanco wa Venezuela, na unamuuliza mchoraji wa kanisani kwa nini hachori malaika weusi. Hapo nililia. Kumbe swali langu liliulizwa kabla hata mama yangu hajazaliwa.

Nilipoitazama tena, nilitazama nyuso. Mercé anaigizwa na Rita Montaner, mwimbaji mashuhuri wa Kuba, chotara aliyepakwa rangi ili aonekane mweusi zaidi. Belén ni Titina Romay, binti wa mwongozaji mwenyewe, naye kapakwa. Hata Infante anajipaka weusi kwenye onyesho la jukwaani. Filamu inawaombea watoto weusi nafasi mbinguni, lakini yenyewe haikumpa mtoto mweusi nafasi mbele ya kamera.

Si kwamba Meksiko haikuwa na watu weusi. Vizazi vya Waafrika waliopelekwa huko utumwani vilikuwapo Veracruz na Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca. Jimbo la Guerrero lenyewe lina jina la Vicente Guerrero, rais mwenye asili ya Kiafrika aliyepiga marufuku utumwa mwaka 1829. Lakini baada ya Mapinduzi, taifa lilijisimulia kuwa ni mtoto wa wazazi wawili tu, Mhispania na Mwindio. Bibi wa tatu alibaki jikoni, kama Mercé. Katiba ilikuja kuwatambua Wameksiko wenye asili ya Kiafrika mwaka 2019, na katika sensa ya 2020 zaidi ya watu milioni 2.5 walijitambulisha hivyo.

Msimamizi wangu aliniuliza kama filamu hii inapinga ubaguzi au inaubeba. Nilimjibu kwamba inafanya yote mawili, na ndiyo maana siwezi kuiacha. Mchoraji anayeulizwa kwenye wimbo ndiye huyohuyo aliyeshika kamera.

Mwaka 1969 Roberta Flack, Mmarekani mweusi, aliurekodi wimbo huo kwa Kihispania katika albamu yake ya kwanza. Huwa nausikiliza usiku nikiandika. Kwake hakuna rangi ya kunawa.