Kigoma mwisho wa reli: Treni inapoishia, boti za Kibirizi zinaanza

Watanzania wengi wanaijua Kigoma kwa maneno matatu tu: mwisho wa reli. Lakini kwa msafiri anayekwenda Mwamgongo, Kagunga, Burundi au Kongo, hapo ndipo safari inabadilika tu. Anashuka kwenye behewa, anatafuta boti.

Tofauti na miji mikubwa ya dunia ambako abiria hushuka ngazi na kukuta treni nyingine chini ya ardhi, hapa kinachofuata baada ya treni ni maji.

Reli ilifikaje hapa?

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni zaidi ya kilomita 1,250. Jengo la stesheni la enzi hizo bado limesimama katikati ya mji.

Kwa nini Kigoma na si Ujiji? Ujiji ndio uliokuwa mji mkubwa wa biashara, tena Livingstone na Stanley walikutana huko mwaka 1871. Lakini ghuba ya Kigoma ina kina kirefu na imekingwa na upepo, kwa hiyo meli kubwa zinaweza kutia nanga karibu na nchi kavu. Reli ikaenda kwenye bandari, na mji ukaifuata reli.

Meli iliyopanda treni

Mfano mzuri wa reli na ziwa kusaidiana ni MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni. Ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini 1915.

Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Karibu miaka 90 baadaye, mwaka 2015, ndiyo iliyowabeba wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamekwama Kagunga, kijiji ambacho wakati huo hakikufikika kwa gari, na kuwaleta Kigoma mjini.

Kibirizi ndiyo stendi ya majini

Mizigo mikubwa hupitia bandari ya Kigoma: saruji na bidhaa nyingine zinazotoka kwenye mabehewa kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie. Kalemie nayo ina reli yake, inayoingia ndani ya Kongo hadi Kabalo.

Mtu wa kawaida mwenye begi na gunia lake anaelekea Kibirizi, kilomita 2 hadi 3 kaskazini mwa stesheni. Bodaboda au bajaji inakufikisha fasta, na mwenye mzigo mwepesi anaweza hata kutembea.

Hapo utakuta boti za mbao zenye injini, dagaa na migebuka, madumu ya mawese, na makuli wakivuka maji na mizigo begani. Vijiji vingi vya mwambao wa kaskazini vimebanwa kati ya milima na ziwa, hivyo boti ndiyo daladala yao. Wanaokwenda Hifadhi ya Gombe kuona sokwe nao hupanda hapohapo.

Tatizo liko wapi?

Ni muda. Treni kutoka Dar hutumia takriban siku mbili, na ikichelewa, hakuna boti inayoisubiri. Boti za abiria za kaskazini kwa kawaida huondoka Kibirizi mchana na kurudi asubuhi mapema. Ukifika jioni, ujue unalala Kigoma, kwa gharama yako.

Kwa mfanyabiashara wa samaki wabichi au mgonjwa anayerudi kijijini, usiku mmoja si jambo dogo. Kwa hiyo panga nauli na pesa ya malazi. Na usipande boti iliyojaa kupita kiasi au isiyo na jaketi la kuokolea. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, na upepo wake hubadilika ghafla.

SGR itabadilisha nini?

Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Tawi jingine limepangwa kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi.

Tawi hilo likikamilika, sehemu ya mizigo ya Burundi inaweza kwenda moja kwa moja bila kugusa ziwa. Ya Kongo bado itahitaji meli. Na mama wa Mwamgongo mwenye gunia lake bado atahitaji boti ya Kibirizi. Treni ya haraka itamfaa zaidi kama gati, boti na ratiba za upande wa maji navyo vitakwenda na wakati.