Nani Alipie Joto la Kifaranga? Kakamega, Kutoka Ubawa wa Kuku hadi Tokeni

Kifaranga aliyeanguliwa leo hawezi kujipasha joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, na kila wiki inayofuata zinapunguzwa nyuzi tatu hivi mpaka manyoya halisi yaote. Kakamega, magharibi mwa Kenya, iko karibu kabisa na ikweta, lakini iko pia zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na usiku wa baridi kipimajoto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Hapo katikati pana pengo la nyuzi 20, na pengo hilo lazima mtu alizibe kwa kitu fulani: mwili, kuni, makaa au pesa. Historia ya ufugaji wa kuku Kakamega inaweza kusimuliwa kwa kumfuata huyo anayelipa.

Mlipaji wa kwanza alikuwa kuku mwenyewe. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na matano, huyaatamia kwa siku 21, kisha hulea kwa majuma kadhaa, akiwafunika vifaranga kwa mbawa usiku na kila mvua inyeshapo. Kwa mwenye kuku, joto hilo halikuwa na bei ya kuonekana. Gharama yake ilikuwa muda, kwa sababu kuku anayelea hatagi. Tena ilikuwa vifo. Mwewe, kicheche, kideri na matope ya masika viliwapunguza vifaranga hivi kwamba kubakiwa na watatu au wanne kati ya kumi hakukumshangaza mtu.

Katika nchi ya Waluhya, ambamo Kakamega imo, hasara hiyo haikuwa ndogo. Mgeni wa maana huchinjiwa ingokho, yaani kuku, na firigisi ni haki ya mwenye boma; mtu mwingine akiipokea, amepewa heshima kubwa. Lakini kwa vizazi vingi wanawake katika jamii nyingi za Kiluhya walikatazwa kula kuku, ilhali wao ndio waliowafuga. Wao ndio waliowahesabu jioni, waliowafungia na waliojua ni yupi ameanza kuatamia chini ya ghala. Mwiko huo umelegea sana, ila kazi imebaki mikononi mwao, na yeyote anayeandika kuhusu gharama ya joto la kifaranga anaandika, kwa sehemu kubwa, kuhusu mfuko wa mwanamke.

Usiku kuku walilala ndani ya nyumba, upande wa jikoni. Moto uliowashwa kwa ajili ya obusuma, yaani ugali, ulizimika polepole, na mafiga yalihifadhi joto hadi usiku wa manane. Kuni zilikuwa zimekwisha kuchanjwa na chakula kimekwisha kupikwa. Kuku alipokea mabaki ya joto bila kuongezewa gharama. Ulikuwa mpango wa busara kuliko unavyosifiwa.

Kwingineko duniani binadamu alikuwa amekwisha kujifunza kumwondoa mama katika hesabu. Wamisri wa kale waliangua mayai kwa maelfu katika majengo ya udongo yaliyopashwa moto kwa nyasi na samadi, na Aristotle aliandika juu ya mayai ya Misri yaliyoanguliwa ndani ya samadi. Hakuna waya uliohitajika. Palihitajika fundi aliyeweza kupima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho, na aliyekubali kulala karibu na kazi yake.

Umeme ulifika Afrika Mashariki mapema, lakini haukufika kwa wafugaji. Mombasa na Nairobi zilipata kampuni zao za umeme mwaka 1908. Mwaka 1922 zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting. Kakamega ilivuma miaka michache baadaye kwa sababu nyingine. Mwaka 1931 mlowezi L. A. Johnson aligundua dhahabu, Wazungu wakamiminika na mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi mwaka 1952. Dhahabu iliwapokonya watu ardhi na kuukuza mji. Vijiji vilivyouzunguka viliendelea na koroboi. Mwaka 1958 Kenya ilianza kupokea umeme wa bwawa la Owen Falls kutoka Uganda, ukisafirishwa kwa nyaya zilizokatiza magharibi mwa nchi kuelekea Nairobi. Nyaya zilipita juu, na chini yake watu waliwasha mafuta ya taa. Mpango wa serikali wa kusambaza umeme mashambani ulianza mwaka 1973, na kwa miongo mingi ulienda mwendo wa kobe.

Kilichobadilika kwanza ni kuku, si stima. Mwaka 1976 serikali, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuendeleza kuku. Mfugaji alileta jogoo wake wa kienyeji akapewa jogoo wa mbegu ya kigeni. Kampuni ya Kenchic ilianzishwa mwaka 1984, na biashara ya vifaranga wa siku moja ikaenea kote nchini. Biashara hiyo inategemea jambo moja la maumbile: kifaranga huanguliwa akiwa amebakiza kiini cha yai tumboni, na kwa siku mbili hadi tatu anaweza kuishi bila kula wala kunywa. Ndiyo maana sanduku la katoni lenye matundu linaweza kupakiwa basi la usiku Nairobi likashushwa Kakamega asubuhi, limejaa vifaranga hai wanaolia.

Vifaranga hao ni yatima tangu kuanguliwa. Kuku mama hawamjui. Hapo ndipo joto lilipogeuka kuwa bidhaa.

Kwa wengi jibu la kwanza lilikuwa jiko la makaa. Kadibodi au mabati membamba huzungushwa kuwa duara, yaani bruda, ili kusiwe na pembe za vifaranga kurundikana, maganda ya mpunga au pumba za mbao hutandazwa chini, na jiko huwekwa katikati likiwa limekingwa, wakati mwingine limefunikwa kwa chungu kinachosambaza joto taratibu. Mfugaji huamka saa sita, saa tisa na alfajiri kuongeza makaa. Hapimi kwa kipimajoto bali kwa macho na masikio: vifaranga wakijibana karibu na jiko wakilia, baridi imewazidi, wakikimbilia ukingoni na kuhema, joto limepita kiasi, wakitawanyika na kunong'ona, mambo ni sawa. Hatari ni mbili. Moto unaweza kushika maganda, na moshi usioonekana wa makaa huua vifaranga kimya kimya, na hata mlinzi wao akilala humo huku ameziba madirisha.

Makaa nayo yana siasa zake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na bei ya gunia ikapanda. Mwaka huohuo mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Hoja ya kuulinda Msitu wa Kakamega, mabaki ya misitu ya mvua ya Afrika ya kati, haina mjadala. Lakini aliyekuwa akilea vifaranga kwa jiko au kwa taa ya chemni alipigwa pande zote mbili, na hakuna aliyemuuliza.

Waliokuwa na stima walitumia balbu ya kawaida ya wati 60 au 100. Balbu ya waya hugeuza zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za umeme wake kuwa joto, mwanga ukiwa kidogo tu. Mhandisi huuita huo upotevu. Kifaranga aliuhitaji wote. Mwaka 2010 kampuni ya umeme iligawa bure balbu za kuokoa umeme, zaidi ya milioni moja nchini, ili kupunguza mzigo wa jioni. Kwa sebule ulikuwa mpango mzuri. Kwa bruda balbu hiyo haikufaa: iliangaza vizuri na kuacha vifaranga watetemeke.

Mlango mkubwa ulifunguka mwaka 2015. Mradi wa Last Mile ulishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi za vijijini zikapata mita za tokeni, za kulipia kabla ya kutumia. Madukani ikawa rahisi kupata taa nyekundu ya infraredi ya wati 250. Wekundu wa taa una faida yake, kwani hupunguza vifaranga kudonoana.

Hesabu yake ni hii. Wati 250 kwa saa 24 ni uniti (kilowati-saa) sita. Kwa majuma matatu ni uniti 126. Katika viwango vilivyoanza Aprili 2023, mteja wa nyumbani anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi alitozwa shilingi 12.22 kwa uniti. Wa uniti 31 hadi 100, shilingi 16.30, anayepita 100, shilingi 20.97. Hapo gharama ya mafuta ya mitambo, ushuru na kodi hazijaongezwa. Kwa bei ya chini kabisa taa moja ingekula shilingi 1,540. Kwa bei ya juu, 2,642. Ikiwa chini yake wapo vifaranga 100, mzigo wa kila mmoja ni mdogo. Ikiwa ni 30, kama ilivyo kwa akina mama wengi wanaoanza, kila kifaranga anabeba shilingi 51 hadi 88 za joto pekee kabla ya kula punje moja.

Uchungu zaidi umo katika madaraja yenyewe. Daraja la uniti 30 liliwekwa kwa ajili ya mnyonge, mwenye balbu tatu na redio. Siku anapojaribu kujikwamua kwa kufuga, taa moja ya bruda inammalizia uniti hizo kwa siku tano. Mfumo unamsoma kama mtu aliyepata jokofu na hita ya kuogea, kumbe amepata vifaranga.

Halafu kuna usiku wa stima kupotea. Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikazama gizani, tumbili alinusurika. Agosti 25, 2023 giza lilitanda tena karibu nchi yote, kwingine kwa saa nyingi. Mwenye duka hupoteza maziwa. Mwenye bruda hupoteza mtaji: vifaranga wakipigwa baridi hupandana kutafuta joto, na wa chini hukosa hewa. Paneli ndogo za sola, zilizoenea tangu kampuni ya M-Kopa ilipoingia sokoni mwaka 2012, huangaza bruda lakini haziwezi kuipasha moto. Uniti sita kwa siku zinahitaji betri ambazo bei yake inazidi kuku wote.

Ndiyo maana wafugaji wazoefu hawajaacha kitu. Taa huwaka usiku, jua likitoka huzimwa, jiko husubiri pembeni. Wengine hutumia bruda isiyo na moto, sanduku lililosheheni nyasi kavu na matambara, ambamo vifaranga hupashana joto la miili yao. Kuku mama naye amerudishwa kazini kwa ratiba: kuku kadhaa huatamishwa siku moja, vifaranga wao wote hupewa mmoja au wawili walee, waliobaki hurudi kutaga. Kuku wa kienyeji walioboreshwa na KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, hutaga zaidi, lakini wengi wao wamepoteza hamu ya kuatamia, kwa hiyo anayewafuga hutunza pia matetea wachache wa zamani. Taasisi ya KALRO inayotafiti wanyama wasiocheua ina makao yake papa hapa Kakamega, na bruda ya bei nafuu ni swali linaloistahili kama linavyoistahili swali la mbegu.

Viwango vya 2023 vilipangwa kudumu hadi mwaka wa fedha wa 2025/26, na kabla ya vipya kupitishwa EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, inapaswa kusikiliza maoni ya wananchi. Wafugaji wa Shinyalu, Lurambi, Malava na Mumias wafike katika vikao hivyo na hesabu zao mkononi: uniti 126, majuma matatu, vifaranga wangapi. Waombe jambo moja, kwamba umeme wa kulelea vifaranga usimwondoe mfugaji mdogo katika daraja la uniti 30.