Nani Anayemweka Mwalimu? Ugomvi wa Kisheria juu ya Uteuzi wa Walimu wa Shule za Serikali katika Kongo

Kwa miaka mingi mwalimu wa shule ya serikali katika Kongo alihitaji karatasi tatu ili ahesabiwe kuwa mwalimu kamili: barua ya kumweka kazini, amri ya waziri iliyoikubali shule yake, na namba yake katika orodha ya mishahara. Kila karatasi ilitoka katika mkono mwingine. Pale mikono hiyo iliposhindwa kupatana, mtu aliyesimama mbele ya watoto mwaka mzima aliweza kuambiwa kwamba mbele ya Hazina hayupo. Ugomvi huo una mizizi mirefu kuliko matatizo ya fedha ambayo kwa kawaida hulaumiwa.

Mwaka 1906 Dola Huru la Kongo lilipatana na Vatikani: misheni zitapewa ardhi, nazo zitafungua shule. Mikataba ya mwaka 1925 na 1926, inayojulikana kwa jina la De Jonghe, ikaongeza msaada wa fedha kwa misheni za Kikatoliki za Kibelgiji. Misheni za Kiprotestanti zilingoja hadi mwaka 1948. Katika mpango huo mwalimu mweusi alikuwa mtu wa padre. Padre alimchagua, padre alimwondoa, na hata mkaguzi wa shule mara nyingi alikuwa mmisionari. Serikali ya kikoloni ilitoa fedha bila kumjua mwalimu kwa jina. Shule rasmi zisizo za dini zilizofunguliwa kwa Wakongo katika siku za waziri Auguste Buisseret, tangu mwaka 1954, zilileta aina nyingine ya mwalimu, yaani yule aliyewekwa na serikali yenyewe. Basi Kongo iliingia katika uhuru wake mwaka 1960 ikiwa na njia mbili za kumpata mwalimu, na Hazina moja ya kuwalipa wote.

Desemba 1974 utawala wa Mobutu uliamua kuzichukua shule zote. Kwa muda mfupi swali la nani anayemweka mwalimu likawa na jibu moja tu. Lakini serikali haikuwa na watu wa kutosha wala vyombo vya kuongoza shule zilizotawanyika katika nchi kubwa namna hiyo, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi Mkataba na Makanisa ya Kikatoliki, Kiprotestanti na Kikimbangu. Waislamu walijiunga baadaye. Kufuatana na Mkataba huo, shule zilibaki mali ya umma: serikali iliweka programu, ilikagua, ililipa mishahara. Kanisa, kwa njia ya mratibu wake, liliendesha shule, likiwaweka walimu na kuwahamisha. Wengi wameusifu Mkataba kwa kuziokoa shule, na kwa haki. Hata hivyo uliandikwa na watu waliotaka kumaliza ugomvi wa wakubwa. Mwalimu mwenyewe hakufikiriwa sana.

Maana hapo ndipo fundo la sheria lilipo. Sheria ya tarehe 17 Julai 1981 juu ya wafanyakazi wa kudumu wa serikali ilitaka mtumishi wa umma aingie kazini kwa njia iliyopangwa na kwa sahihi ya mkubwa mwenye mamlaka. Je, mratibu wa Kikatoliki au wa Kiprotestanti ni mkubwa mwenye mamlaka kwa maana hiyo? Kama ndiye, barua yake ni tendo la serikali, na mwalimu aliyeachishwa bila sababu angeweza kuomba tendo hilo livunjwe mbele ya mahakimu wa mambo ya utawala. Kama siye, mwalimu ni mtu wa Kanisa anayelipwa kwa mkono wa serikali, kama zamani za misheni. Mkataba uliruhusu majibu yote mawili. Tena, tendo la waziri lilipelekwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kinshasa, kufuatana na utaratibu wa mwaka 1982, na mtu anayejua umbali wa Kongolo au Manono toka mji mkuu ataelewa kwa nini walimu wengi waliona ni afadhali kumwendea askofu kuliko hakimu.

Katikati ya miaka ya 1980 serikali, ikibanwa na wenye kuikopesha fedha, iliunda idara ya SECOPE ili kuwahesabu walimu na kusimamia mishahara yao. Kazi yake ilikuwa ya hesabu. Lakini kwa kuwa mwalimu asiye na namba hakulipwa, hesabu ikageuka kuwa uteuzi wa pili. Barua halali ya mratibu iliweza kukaa sandukuni miaka, huku mwenye barua akiitwa "asiyelipwa", jina ambalo halimo katika sheria yoyote.

Mateso hayo yalifichwa na mateso mengine. Mishahara iliposhuka hadi kuwa kama si kitu, na migomo ikafunga shule, wazazi walianza tangu mwaka 1993 kutoa mchango kwa ajili ya walimu. Mwenye namba na asiye na namba wote wakala toka chungu kimoja. Shule mpya zilifunguliwa, walimu wapya wakawekwa, na hakuna aliyeharakisha kuuliza kama Hazina inawatambua. Kulipa mishahara kwa njia ya benki, kulikoanza mwaka 2011, kuliwagusa tu wale waliokuwa tayari orodhani.

Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006, kinachosema kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni ya bure. Mchango wa wazazi ukakatazwa, na chungu kikavunjika. Ghafla maelfu ya walimu waliowekwa kwa barua za kweli walikuwa hawana mchango wala mshahara. Wakati huohuo ukaguzi wa fedha ulionyesha kwamba orodha ya mishahara ilikuwa na shule zisizokuwako, zilizoingizwa kwa amri za uongo. Mwaka 2021 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu wakubwa wawili, yule wa SECOPE na yule wa ukaguzi mkuu wa shule, kifungo cha miaka 20 kwa ubadhirifu wa fedha za umma.

Hukumu hiyo ilihusu fedha. Haikusema neno juu ya mwalimu wa kweli ambaye namba yake ilikuwa imepewa mtu asiyekuwako, wala juu ya thamani ya barua ya mratibu aliyonayo mkononi.